Mnyororo unapokatika: kusoma masimulizi ya Biblia kwa sarufi ya Kiebrania

Mswahili anayeanza Kiebrania cha Biblia anaingia darasani na mtaji ambao mwenzake Mwingereza hana. Mtaji huo ni -ka-. Mwingereza lazima aelezwe, tena kwa kurasa nyingi, kwamba kuna umbo la kitenzi ambalo kazi yake kubwa ni kusogeza kisa mbele. Sisi tumekua nalo. Hata kiitikio chetu cha kuanzia hadithi, Paukwa! Pakawa!, kimebeba hiyo -ka- tumboni.

Kabla sijaenda kusomea theolojia nilikuwa mwalimu wa Kiswahili sekondari, na wino wangu mwekundu uliishia kwenye insha za likizo. "Nilikwenda kijijini. Nilimkuta bibi. Nilimsalimia. Nilikula." Kitenzi kimoja kimoja ni sahihi, lakini kisa hakitembei, kila sentensi inaanza upya kana kwamba ya kwanza haikusemwa. Mwanafunzi anayejua kusimulia anaandika: "Nilikwenda kijijini, nikamkuta bibi, nikamsalimia, nikala." Kiebrania cha Mwanzo, Samweli, Ruthu na Yona kinafanya hivyo hivyo. Ninachotaka kukuonyesha hapa ni namna ya kufuata mnyororo huo na, zaidi ya hapo, namna ya kuona unapokatika. Msimulizi wa Kiebrania hana mazoea ya kukueleza wahusika wanawaza nini. Anayotaka uyatambue mara nyingi huyaweka penye mikato.

Wahubiri wetu wanapenda sana kusema "neno hili kwa Kiebrania maana yake ni…" halafu mahubiri yote yanasimama juu ya neno moja. Siwakatazi. Ila miaka hii ya kufundisha kikundi chetu cha Jumamosi hapa Morogoro imenipa msimamo kwamba faida kubwa zaidi kwa msomaji wa kawaida iko kwenye mpangilio wa vitenzi, na unaweza kuupata hata kama msamiati wako bado mdogo.

Unahitaji nini? Herufi 22, alama za irabu, daftari lenye mistari, na kalamu za rangi tatu. Hakikisha maandishi yako yana irabu. Matoleo mengi yanayotumika vyuoni yanafuata Kodeksi ya Leningrad, hati ya mkono ya mwaka 1008, ambayo ina irabu zote. Na kwenye tovuti ya Sefaria unaweza kusoma Biblia ya Kiebrania yenye irabu bila kulipa. Irabu ni lazima kwa sababu tofauti tunayoitafuta mara nyingi haionekani kwenye herufi tupu.

Sasa umbo lenyewe. Wanasarufi wanaliita wayyiqtol. Mwanzoni ina herufi vav (ו) inayosomwa va-, ikifuatwa mara moja na kitenzi chenye kiambishi cha nafsi. Katika masimulizi utakutana hasa na yod (י) kwa mwanaume au kundi, na tav (ת) kwa mwanamke. Herufi hiyo ya nafsi hukazwa kwa nukta ndani yake: וַיֵּרֶד, vayyered, "akashuka", וַתֵּלֶךְ, vattelekh, "akaenda" kwa mwanamke. Yod ikiwa na irabu hafifu, nukta hudondoka, ndiyo maana וַיְהִי, vayhi, "ikawa", haina. Nehemia anayejisimulia mwenyewe atakuletea alefu mahali pa yod, "nikaja", "nikasema", lakini hilo liache kwanza.

Vav ya kawaida, ile ya "na", husomwa ve- au u-. Ukizoea kutofautisha va- yenye kukaza na ve- tupu, umeshavuka mlima.

Halafu kuna sharti moja ambalo kila kitu kingine kinalitegemea: katika wayyiqtol, vav haitengani na kitenzi, na kitenzi kinakaa mbele ya kishazi chake. Chochote kikiingia katikati, iwe kiima, yambwa, kielezi au kikanushi lo, umbo hilo haliwezekani tena. Kitenzi kinarudi kwenye umbo la qatal, ambalo katika masimulizi mimi huliweka karibu na -li-, au -likuwa -me- muktadha ukidai. Kwenye kukanusha tunafanana nao kabisa: "akafika, akabisha hodi, hakujibiwa". Hatuna -ka- ya kukanusha. Mnyororo unakatika wenyewe. Lakini kwenye kiima tunaachana njia. Sisi tunasema "Yona akaondoka" bila shida yoyote, na hapo ndipo Mswahili hujikwaa, kwa kuwa Kiebrania kinasema "akaondoka Yona". Kikimtanguliza Yona, hakiwezi kusema "akaondoka" tena.

Kwa hiyo mkato unaoletwa na kikanushi usiupe uzito mkubwa. Sarufi imemlazimisha msimulizi. Ila mkato unaotokea kwa sababu mtu au kitu kimetangulizwa ni uamuzi wake. Aliweza kuendelea na mnyororo, akachagua kuukata.

Fungua daftari. Andika kishazi kimoja kwenye mstari mmoja. Kiebrania kinaanzia kulia, kwa hiyo pambizo yako iko kulia. Ukitumia herufi za Kilatini kama ninavyofanya hapa, iko kushoto. Vishazi vya wayyiqtol vigusane na pambizo, kwa kalamu nyeusi. Mikato iingie ndani kidogo, kwa nyekundu. Maneno wanayosema wahusika yaandike kwa bluu na uyaache kwa sasa, kwani ndani ya maneno ya watu kuna amri, maombi na ahadi, na sarufi yake inaenda njia nyingine. Ukiyachanganya na masimulizi utapata fujo tupu.

Tuanze na Yona 1:3 hadi 6. Tafsiri ni yangu, nimeiacha ngumu makusudi ili mpangilio uonekane.

vayyaqom Yona: akaondoka Yona kukimbilia Tarshishi
vayyered Yafo: akashuka Yafa
vayyimtsa oniyya: akapata merikebu
vayyitten sekharah: akatoa nauli yake
vayyered bah: akashuka ndani yake
— — va-Adonai hetil: BWANA naye alivurumisha upepo mkubwa baharini
vayhi sa'ar gadol: ikawa dhoruba kubwa baharini
— — veha'oniyya chishva: na merikebu, ilidhani itavunjika
vayyir'u hammallachim: wakaogopa mabaharia
vayyiz'aqu: wakalia, kila mtu kwa mungu wake
vayyatilu: wakavurumisha vyombo baharini
— — veYona yarad: Yona naye alikuwa ameshashuka pembe za ndani za chombo
— — vayyishkav: akalala
— — vayyeradam: akazama usingizini
vayyiqrav rav hachovel: akamkaribia mkuu wa mabaharia

Soma mstari wa 3 kwa sauti. Vitenzi vitano, vyote vya Yona, hakuna pengo hata moja. Mungu amesema neno lake katika mstari wa 2, na jibu la Yona halina sentensi. Lina miguu tu: ondoka, shuka, pata, toa, shuka. Katika mstari wote huo jina la BWANA lipo, lakini lipo kama mahali pa kukimbiwa, "kutoka mbele za BWANA", limetajwa mara mbili na halitendi lolote.

Kisha mstari wa 4 unalichukua jina hilo hilo na kuliweka mbele ya kitenzi. Mnyororo wa Yona umekatwa na jina la aliyekuwa akikimbiwa. Kwa Kiswahili "naye" yetu inaikaribia kazi hiyo vizuri: BWANA naye. Msimulizi hakuhitaji kuandika "lakini Mungu hakukubali". Kuliweka jina mbele kumetosha.

(Tahadhari kwa anayeanza: hiyo va- ya va-Adonai si ile ya mnyororo. Ni "na" ya kawaida iliyobadilika irabu kwa sababu ya namna jina la Mungu linavyosomwa, Adonai. Kitambulisho cha mnyororo ni va- juu ya kitenzi. Wanafunzi wangu karibu wote huipaka nyeusi mara ya kwanza.)

Merikebu nayo imetangulizwa, tena imepewa kitenzi cha kufikiri. Mnyama gani huyu? Hakuna chombo kinachodhani. Lakini kwa muda mfupi tunaangalia dhoruba kwa upande wa mbao zenyewe, halafu tunarudishwa kwa watu.

Mkato wa mstari wa 5 ndio ninaoupenda kuliko yote. Mabaharia wanaogopa, wanalia, wanatupa mizigo. Mnyororo unakwenda kasi. Ghafla: veYona yarad. Kiima mbele, kitenzi katika qatal. Sarufi inakuruhusu kusoma "alikuwa ameshashuka", na mimi nasoma hivyo: Yona hakushuka wakati wa makelele, alikuwa chini tayari. Ndiyo maana nimeziacha "akalala" na "akazama usingizini" ndani, mbali na pambizo, ingawa kwa umbo ni wayyiqtol kamili. Zinaendeleza tawi, si shina. Mnyororo mfupi unaweza kuanzia kwenye mkato na kwenda wenyewe hatua mbili tatu kabla msimulizi hajarudi kwenye kisa kikuu. Utajuaje amerudi? Aghalabu kiima kinabadilika: mkuu wa mabaharia anatokea, naye anashuka kutoka kule juu tulikoacha watu wakilia.

Ukimaliza sura ya 1, ruka hadi 3:3 na uweke mistari miwili sambamba. Sura ya 1: vayyaqom Yona, kukimbia. Sura ya 3: vayyaqom Yona, vayyelekh, akaenda Ninawi. Na kabla ya hapo 1:1 na 3:1 zinaanza kwa maneno yale yale, "ikawa neno la BWANA kwa Yona", ya pili ikiongeza "mara ya pili". Kitabu kizima kimefunguka katika nusu mbili bila kuhitaji mchoro wa profesa. Mara baada ya Yona kuondoka kwenda Ninawi mnyororo unakatwa tena: "na Ninawi ulikuwa mji mkubwa". Huo ni mkato wa maelezo. Kisa kinasimama ili uutazame ukubwa wa mji kabla mtu huyu mmoja hajaingia.

Jambo dogo la kukuepusha na kuchanganyikiwa: samaki anayetajwa katika 1:17 ya Biblia zetu yuko 2:1 katika Kiebrania. Sura ya 2 karibu yote ni sala ya kishairi. Usiichore kwa njia hii. Ushairi una sheria zake.

Sasa kuna umbo jingine ambalo lazima ulijue, nalo ni vav tupu iliyobandikwa kwenye qatal, weqatal. Ndani ya masimulizi umbo hili mara nyingi hueleza mazoea: jambo lililokuwa likifanyika kila siku au kila mwaka. Mfano bora kuliko yote niujuao ni kisima cha Mwanzo 29.

Yakobo anafika, anaona kisima shambani, makundi matatu ya kondoo yamelala kando yake, na jiwe kubwa juu ya mdomo wa kisima. Halafu mstari wa 3 una vitenzi vinne vya weqatal mfululizo: vene'esfu, vegalelu, vehishqu, veheshivu. Msomaji wa haraka atafasiri "wakakusanyika, wakaliviringisha jiwe, wakanywesha kondoo, wakalirudisha", na atapotea, maana katika mstari wa 7 na 8 kondoo bado hawajanyweshwa na wachungaji wanajitetea kwamba hawawezi mpaka makundi yote yafike. Hakuna aliyegusa jiwe bado. Mstari wa 3 unasema ilivyokuwa desturi ya kisima kile: makundi yote yalikuwa yakikusanyika hapo, jiwe likiviringishwa, kondoo wakinyweshwa, jiwe likirudishwa mahali pake. Kiswahili kina -kuwa -ki- na kina hu-, kwa hiyo huna sababu ya kukosea hapa.

Endelea hadi mstari wa 10. Raheli amefika na kondoo wa baba yake. Yakobo amemwona. Na sasa: vayyiggash, akakaribia, vayyagel, akaliviringisha jiwe, vayyashq, akanywesha kondoo wa Labani. Ni vitenzi vile vile vya jiwe na vya kunywesha, lakini vimetoka kwenye mazoea vikaingia kwenye mnyororo. Kilichokuwa kazi ya kundi zima kila siku kimefanywa na mtu mmoja, mara moja, mchana mmoja. Msimulizi hakusema "Yakobo alikuwa na nguvu", wala hakusema "alipenda tangu alipomwona". Amebadilisha umbo la kitenzi, basi.

Nenda pia 1 Samweli 1 ukaone Elkana "akipanda" kila mwaka kwenda Shilo, kwa weqatal hiyo hiyo, na Hana akichokozwa kila mwaka, mpaka mstari wa 9 ambapo "akaondoka Hana" na mzunguko wa miaka ukavunjika.

Mikato mingine nitaipita haraka, kwa kuwa ukishaelewa Yona na kisima utaitambua mwenyewe. Kuna ya kulinganisha: Ruthu 1:14, "akambusu Orpa mkwewe, na Ruthu aliambatana naye". Orpa yumo kwenye mnyororo. Ruthu ametangulizwa mbele ya kitenzi. Vishazi viwili vinatazamana uso kwa uso. Orpa hakulaumiwa kwa neno hata moja, na nashangaa wanaomsema vibaya mimbarani wanalitoa wapi.

Kuna ya kurejea nyuma. Mwanzo 37 inamwacha Yusufu ameuzwa Misri. Sura ya 38 inaingia habari ya Yuda na Tamari. 39:1 inaanza "na Yusufu alikuwa ameshushwa Misri", kiima mbele, na wewe unajua tumerudi tulipoachia. Na kuna ya kuandaa uwanja. Kifo cha Samweli kimeandikwa mara mbili. Katika 1 Samweli 25:1 ni wayyiqtol, "akafa Samweli", tukio kati ya matukio. Katika 28:3 ni "na Samweli alikuwa amekufa", mkato, na papo hapo mkato mwingine: "na Sauli alikuwa amewaondoa wenye pepo wa utambuzi na wachawi katika nchi". Habari ya kwanza tulishaijua. Kwa nini tukumbushwe? Kwa sababu mistari minne baadaye Sauli anatafuta mwanamke mwenye pepo, amwitie Samweli. Taarifa mbili za mstari wa 3 ndizo milango miwili iliyofungwa ambayo mfalme anakwenda kuigonga usiku kule Endori, na mmoja wao aliufunga mwenyewe.

Ya mwisho hutumia partisipi, umbo la kitenzi linaloonyesha hali inayoendelea. 2 Samweli 11:1: Daudi akamtuma Yoabu, wakawaangamiza wana wa Amoni, wakauhusuru Raba, "na Daudi amekaa Yerusalemu". Majira yenyewe yametajwa kuwa ni wakati wafalme watokapo kwenda vitani. Wote wamo kwenye mnyororo wa vita isipokuwa mfalme, ambaye amewekwa pembeni, ameketi. Mfasiri wa Kiswahili anaweza kabisa kuandika "akakaa", na sentensi ikasomeka vizuri, kwa kuwa -ka- yetu haijali kiima kikae wapi. Kwa hiyo usijaribu kuchora mikato kwa kutumia Biblia ya Kiswahili peke yake. Itakudanganya bila kukusudia.

Kuhusu vayhi, ile "ikawa" tuliyoizoea: ikifuatwa na maneno ya wakati ("ikawa jioni", "ikawa baada ya mambo hayo") mara nyingi inafungua tukio jipya, chora mstari mnene juu yake. Ikifuatwa na kitu kilichotokea, kama dhoruba ya Yona, ni pete ya kawaida ya mnyororo.

Usiipe sarufi mamlaka isiyo nayo. Yona 4:5 inasema "akatoka Yona mjini, akaketi upande wa mashariki", baada ya Mungu kusamehe mji. Wapo wanaotaka kusoma "alikuwa ametoka", ili Yona awe ameketi kusubiri kabla hajajua matokeo. Umbo ni wayyiqtol, kiima hakikutangulizwa, na mwandishi huyu ameshatuonyesha katika 1:5 kwamba akitaka kurudi nyuma anajua kukata mnyororo. Mimi nakaa na mnyororo: Yona ameshajua, amekasirika, na bado anaketi kuangalia mji utapatwa na nini. Lakini wayyiqtol si saa ya ukutani. Kuna mahali inarudia jambo au inalifupisha, na anayesoma vingine katika 4:5 hajavunja sheria yoyote, ila ana kazi kubwa zaidi ya kuthibitisha.

Ukitaka zoezi la kwanza la peke yako, chukua Ruthu 1. Ina mistari 22, bluu itakuwa nyingi kwa sababu wanawake wale wanaongea sana, na hilo litakufundisha subira. Angalia mstari wa 22 unavyofunga kwa "na wao walifika Bethlehemu mwanzo wa mavuno ya shayiri", kiima mbele. Usiishie hapo. Geuza ukurasa usome 2:1, "na Naomi alikuwa na jamaa wa mumewe", mkato mwingine. Mikato miwili imefuatana, mmoja unafunga na mmoja unafungua, na Boazi ametajwa kwa jina kabla Ruthu hajaomba ruhusa ya kwenda kuokota masazo. Mnyororo unaanza tena 2:2. Ichore hadi mwisho wa sura, kwa kalamu nyeusi, kisha nyekundu.